Leseni ni Mkataba: Kuanguka kwa Mabasi Makubwa katika Mpaka wa Busia na Tororo

Neno bodaboda, ambalo leo latamkwa kuanzia Kampala hadi Mombasa na Dar es Salaam, lilizaliwa Busia. Katika miaka ya 1960 na 1970, msafiri aliyefika hapo kwa basi kutoka upande wa Uganda aliteremshwa kabla ya lango la forodha. Kutoka lango hilo hadi lango la Kenya palikuwa na mwendo wa zaidi ya nusu maili, na gari lililotaka kuvuka lilidaiwa hati nyingi. Vijana wenye baiskeli wakafunga mto juu ya keria, wakawa wanawaita abiria kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka: boda, boda. Aliyekuwa na mzigo mzito au mtoto mgongoni alipanda, akalipa nauli ndogo, akavushwa.

Habari hiyo husimuliwa kama sifa ya werevu wa vijana wa mpakani, na sifa hiyo wanaistahili. Lakini ndani yake imo habari nyingine isiyosimuliwa sana. Baiskeli ilianza kazi pale basi lilipokomea. Katika miaka iliyofuata, basi la kampuni kubwa lilizidi kurudi nyuma: kwanza likaziacha njia za vijijini, kisha miji midogo, na mwishowe makampuni yenyewe yakatoweka barabarani. Historia ya kurudi nyuma huko yamhusu askari wa jeshi na askari wa polisi kwa namna tatu. Yeye ndiye aliyezilinda leseni za makampuni hayo. Yeye ndiye aliyesimama kwenye vizuizi vya barabarani. Na yeye pia ni abiria, wakati wa likizo na wakati wa uhamisho.

Mpaka wenyewe ni mchanga kuliko watu waishio kando yake. Hadi mwaka 1902 nchi yote ya magharibi ya Kenya ya leo ilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Mwaka huo Waingereza waliihamishia katika himaya yao nyingine, ile ambayo baadaye iliitwa Kenya. Amri ya mwaka 1926 ikaueleza mstari wa mpaka kwa kufuata mito: Sio, Malaba na Lwakhakha, hadi Mlima Elgon. Wasamia wakajikuta pande zote mbili, na Wateso vilevile. Mtu wa Lumino ana shangazi Funyula. Mzee wa Amagoro ana ndugu Tororo. Watu wa namna hiyo hawakuacha kutembeleana kwa sababu ya amri iliyoandikwa London. Walichohitaji ni chombo cha kuwachukua.

Tororo ilipata chombo mapema. Reli ilipita Malaba ikafika Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920; tawi moja likaelekea Mbale na Soroti, na njia kuu ikafika Kampala mwaka 1931. Baadaye kikaja kiwanda cha saruji, na chini ya lile jabali kubwa linaloonekana kutoka mbali ukakua mji wa makarani, mafundi na wafanyakazi wa reli. Busia haikupata njia kuu ya reli. Maisha ya Busia yalitegemea barabara, na barabara ilitegemea basi. Ndiyo maana kuanguka kwa basi kuliuma zaidi Busia kuliko mahali pengine.

Utaratibu wa leseni za mabasi uliwekwa katika miaka ya 1930. Serikali za kikoloni zilikuwa na hofu mbili. Kwanza, ziliogopa kwamba magari yangeinyang'anya reli biashara yake. Pili, ziliogopa kwamba wenye magari machache wangezigombania njia zenye abiria wengi na kuziacha zile zenye abiria haba. Kenya ilitunga sheria ya leseni za uchukuzi mwaka 1937. Uganda nayo iliyapa makampuni makubwa haki ya peke yao katika sehemu za nchi: Uganda Transport Company, iliyojulikana kwa herufi UTC, ilishika Kampala na njia zake, na upande wa mashariki ukawa na kampuni yake, Eastern Province Bus Company.

Makampuni hayo hayakuwa mali ya wenyeji. Huko Nairobi, Kenya Bus Services ilianzishwa mwaka 1934 na kampuni ya London iliyoitwa Overseas Motor Transport Company. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, makampuni ya mabasi ya Kenya, Uganda na Tanganyika yaliingia, moja baada ya jingine, chini ya mwenye mali mmoja: United Transport, kampuni iliyokuwa na ofisi zake Chepstow, mji mdogo wa Wales. Asili yake ilikuwa kampuni ya mabasi iliyoitwa Red and White. Serikali ya Uingereza ilipoyanunua mabasi yake ya nyumbani mwaka 1950, ilibaki na biashara ya ng'ambo, na huko ndiko ilikoelekeza nguvu. Mwaka 1971 United Transport nayo ikamezwa kabisa na kampuni kubwa zaidi, British Electric Traction. Hivyo mkulima aliyesubiri basi chini ya mwembe alikuwa akisubiri, bila kujua, uamuzi wa wakurugenzi ambao hawakupata kuiona barabara ile.

Haifai kuuficha wema wa utaratibu huo. Basi la kampuni lilikuwa na ratiba. Abiria alipewa tikiti yenye namba, na mkaguzi alipanda njiani ghafla kuzilinganisha tikiti na vichwa vya watu. Kampuni ilikuwa na karakana, mafundi waliofunzwa na ghala la vipuri. Zaidi ya yote, njia nono zilizilisha njia nyembamba. Faida ya mabasi yaliyojaa kati ya Kampala na Jinja ilitosha kulibeba basi la kijijini lililorudi jioni likiwa nusu tupu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kumpa mtu mmoja haki ya peke yake: serikali ilimlinda asishindanwe, naye alitakiwa kufika hata pasipo na faida. Leseni ilikuwa mkataba, ingawa haikuitwa hivyo.

Wala haifai kuuficha ubaya wake. Mwafrika aliyeweka akiba akanunua gari moja alijikuta mlango wa leseni umefungwa. Akibeba abiria bila leseni, polisi walimkamata. Jirani zake walimwona askari akiilinda kampuni ya kigeni dhidi ya mwana wa nchi, na chuki iliyotokana na kuona hivyo haikumwangukia mkurugenzi wa Chepstow; ilimwangukia konstebo aliyesimama barabarani. Uhuru ulipofika, mwaka 1962 Uganda na mwaka 1963 Kenya, utaratibu huo uliendelea karibu kama ulivyokuwa. Wananchi wakaanza kuuliza: kama leseni ni ya taifa, kwa nini faida ni ya Uingereza?

Uganda ilijibu swali hilo kwa hatua mbili. Tarehe 1 Mei 1970, Rais Milton Obote alitangaza pale Nakivubo kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya hisa katika makampuni makubwa. Kabla mpango huo haujakamilika, Januari 1971, Idi Amin alitwaa madaraka. Agosti 1972 aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, na Desemba mwaka huohuo akatangaza kuyatwaa makampuni ya Waingereza. UTC ikawa mali ya serikali. Mashariki kukawa na shirika la umma lililoitwa People's Transport Company, yaani PTC, lenye makao yake Jinja, na njia za kuelekea Tororo na mpakani zikawa jukumu lake.

Jina la shirika lilikuwa zuri, kwa kuwa lilitaja watu. Tatizo halikuwa katika jina. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo mafundi wa injini, wenye magereji na wauza vipuri. Fedha za kigeni zilipungua. Mwaka 1976 uhusiano wa Uganda na Kenya uliharibika, na mafuta yaliyopitia Mombasa yakawa adimu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na reli ya pamoja ikagawanywa vipandevipande. Basi lililoharibika lilirudi karakana likakuta hakuna chuma cha kulitengenezea.

Askari aliyefanya kazi katika karakana ya jeshi anajua kinachofuata. Gari moja linanyofolewa vipuri ili mawili yatembee. Mwezi unaofuata moja kati ya hayo mawili linanyofolewa ili moja litembee. Kwenye daftari magari ni matatu. Barabarani ni moja. Wakati huohuo nauli inapangwa kwa kuogopa manung'uniko ya raia, na haiongezwi hata bei ya tairi inapopanda mara mbili. Mshahara wa kondakta haumfikishi mwisho wa mwezi, kwa hiyo anaanza kupokea nauli bila kukata tikiti, na mkaguzi, ambaye naye ana njaa, anageuza uso. Waswahili walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mashirika ya umma ya Uganda katika miaka hiyo yalipotea kwa namna hiyo, na yale ya mabasi yalikuwa miongoni mwao.

Jambo la pili lililoyaua mabasi lilivaa sare, nalo ni lazima lisemwe mbele ya wanaovaa sare. Katika miaka ya 1970 na ya mwanzo ya 1980, vizuizi vya barabarani Uganda viligeuka kuwa mahali pa kutoza. Abiria aliteremshwa, mzigo wake ukafunguliwa, na basi likaondoka baada ya kitu kutolewa. Katika vita vya mwaka 1979, ambapo mji wa Tororo nao ulishuhudia mapigano mwezi wa Machi, askari wa Amin waliokimbia kuelekea mashariki na kaskazini walichukua magari ya raia na ya mashirika bila kujali mwenyewe ni nani. Hakuna ratiba inayoweza kuhimili hali hiyo. Dereva asiyejua kama atafika hawezi kuahidi saa ya kufika, na abiria asiyeahidiwa saa hatafuti basi. Anatafuta chombo chochote.

Magendo yaliinufaisha hali hiyo. Kahawa ya Uganda ilivuka kwenda Kenya, hasa bei ya dunia ilipopanda sana mwaka 1976 na 1977. Sabuni, chumvi na nguo zikarudi upande wa pili. Magendo hayahitaji basi lenye ratiba na tikiti. Yanahitaji baiskeli, usiku na njia ya panya. Kila njia ya basi iliyofungwa iliongeza njia ya panya, na kila njia ya panya iliongeza kazi ya askari wa mpakani, ambaye sasa alilazimika kulinda vichaka badala ya kulinda lango moja.

Upande wa Kenya mambo yalifuata barabara nyingine, lakini yakafika karibu mahali palepale. Kenya haikuyatwaa mabasi. Mwaka 1966 Baraza la Jiji la Nairobi lilitia saini na Kenya Bus Services: kampuni ikapewa haki ya peke yake jijini, na baraza likapata robo ya hisa. Huo ulikuwa mkataba ulioandikwa waziwazi. Lakini jiji lilikua kwa kasi kuliko mabasi, na magari madogo yaliyoitwa matatu, kwa sababu ya mapeni matatu ya nauli, yakajaa barabarani. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu matatu kufanya kazi bila leseni ya bodi ya uchukuzi. Raia wengi walipata riziki kwa amri hiyo, nao hawawezi kulaumiwa. Hata hivyo upande mmoja wa mkataba ulikuwa umeondolewa: kampuni ilibaki na wajibu wa kuhudumia njia nyembamba, huku njia nono zikiwa wazi kwa kila mtu.

Mabasi ya Kenya Bus Services yalikuwa ya mjini, hayakufika Busia. Lakini mwenye hisa alikuwa yuleyule wa Chepstow, na mabasi ya safari ndefu yaliyojulikana kwa herufi OTC yalikuwa ya ukoo huohuo. Leo OTC imebaki kuwa jina la mahali tu katikati ya Nairobi, na vijana wengi wanaoshuka hapo hawajui kwamba herufi hizo zilikuwa za kampuni. Mwaka 1986 serikali ya Kenya ilijaribu dawa ya Uganda: iliunda Shirika la Mabasi ya Nyayo, likiendeshwa na vijana wa huduma ya taifa, kwa nauli nafuu. Katika miaka ya 1990 shirika hilo nalo lilikufa, kwa maradhi yaleyale ya vipuri na daftari. Mwaka 1991 kampuni ya Stagecoach ya Scotland ilizinunua hisa za Waingereza katika Kenya Bus Services. Ilileta mabasi mapya, ikapambana na matatu, na mwaka 1998 ikauza na kuondoka. Kampuni ya aina hiyo hupima nchi kwa hesabu ya faida. Hesabu isipokaa sawa hufunga mizigo, naye raia aliyezoea saa ya basi hawezi kufunga mizigo.

Kwa msafiri wa mpakani, jina kubwa zaidi lilikuwa Akamba. Hiyo ilikuwa kampuni ya Kenya, isiyo ya serikali wala ya kigeni, na kwa miaka mingi mabasi yake yalikwenda kati ya Nairobi na Kampala. Abiria alishuka mpakani, akagongewa muhuri, akavuka kwa miguu, akalikuta basi lake likimngoja upande wa pili. Akamba ilithibitisha kwamba basi kubwa linaweza kuvuka mpaka kwa utaratibu na kwa heshima. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2010 nayo iliishiwa nguvu, mabasi yake yakasimama, na ofisi zake zikafungwa.

Nchini Uganda mwisho ulikuja kwa sheria. Mwaka 1986 wenye teksi walikuwa wameunda chama chao, UTODA, na magari ya abiria 14 yakashika barabara ambazo mashirika yaliziacha. Mwaka 1993 ikapitishwa sheria ya kurekebisha na kubinafsisha mashirika ya umma, na katika miaka hiyo ya 1990 UTC na PTC yakaondoka katika uchukuzi. Treni ya abiria nayo ikasimama mwishoni mwa miaka hiyo, na stesheni ya Tororo, iliyokuwa njia panda ya mashariki yote, ikabaki na mabehewa ya mizigo. Reli ya nchi zote mbili ilikabidhiwa kampuni moja, Rift Valley Railways, mwaka 2006 kwa mkataba wa miaka 25. Mkataba huo ulivunjwa kabla ya nusu ya muda wake.

Yaliyotokea mpakani si ya mpakani peke yake. Tanzania iliitwaa kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam mwaka 1970, ambayo nayo ilikuwa ya kundi la United Transport, ikaigawa mwaka 1974 kuwa UDA kwa jiji na KAMATA kwa mikoa. Mwaka 1983 ikalazimika kuyaruhusu magari ya watu binafsi jijini, ambayo ndiyo daladala. Uingereza yenyewe, ilikotoka kampuni ile ya Chepstow, ilifungua njia zake za mabasi kwa ushindani nje ya London Oktoba 1986, na baada ya miaka michache sehemu kubwa ya mabasi yake ilikuwa mikononi mwa makampuni machache makubwa. Huko Marekani kampuni ya Greyhound, iliyoanza mwaka 1914, ilipunguza vituo vingi vya miji midogo, ikauzwa kutoka mkono hadi mkono, na mwaka 2021 ikanunuliwa na kampuni ya Kijerumani, huku majengo ya vituo vyake yakiuzwa kando kwa wanunuzi wa ardhi. Mzee wa mji mdogo wa Marekani aliyepoteza kituo chake na mzee wa Lumino wangeelewana bila mkalimani.

Katika mpaka huu, basi limepita katika mikono ya mgeni, ya serikali na ya mwananchi tajiri, na katika mikono yote mitatu limeanguka. Basi haliokolewi kwa kubadilisha bendera ya mwenye kulimiliki. Haki ya peke yake ilitolewa ili njia nyembamba zihudumiwe. Mgeni aliichukua haki na kupeleka faida kwao. Serikali ilichukua haki na wajibu kwa pamoja, lakini haikutenga fedha za vipuri wala haikufungua daftari. Baadaye serikali ziliifuta haki hiyo, na wajibu ukafutika nayo bila mtu kutangaza. Tangu hapo hakuna anayeweza kuulizwa kwa nini basi halikufika, kwa sababu hakuna aliyeahidi kwamba litafika.

Leo mabasi makubwa yapo kati ya Nairobi na Kampala, na mengine ni mazuri kuliko yale ya zamani. Lakini yanauza kiti kutoka jiji hadi jiji. Mama anayechukua samaki Majanji kwenda kuuza Tororo si mteja wao. Vivyo hivyo mwanafunzi wa shule ya bweni, mgonjwa anayepelekwa hospitali, na konstebo aliyehamishiwa kituo cha mpakani akiwa na sanduku, godoro na watoto wawili. Hao wanasafiri kwa teksi iliyojazwa kupita kiasi au kwa pikipiki ya watu watatu, na nauli inapanda mvua inaponyesha, siku ya gulio na mkesha wa Krismasi. Wale ambao basi la zamani lilikusudiwa hasa wao, ndio wanaolipa zaidi kwa kila maili na kuhatarisha maisha zaidi.

Kwa vyombo vya usalama hasara hiyo ina sura yake. Basi lenye ratiba, dereva anayejulikana, orodha ya abiria na mahali maalumu pa kuanzia ni rafiki wa ulinzi. Desemba 2010 mlipuko ulitokea jijini Nairobi, mizigo ya abiria ilipokuwa ikikaguliwa kabla ya kuingia katika basi la kwenda Kampala. Watu walikufa, na msiba huo haupaswi kusahauliwa. Lakini hatari ilikutwa mlangoni pa basi kwa sababu palikuwa na mlango na ukaguzi. Mzigo uliogawanywa katika pikipiki 20 zinazopita vichakani hauna mlango. Desemba 1987, majeshi ya pande mbili yalipofyatuliana risasi Busia na mpaka ukafungwa, ilionekana jinsi mpaka usiokuwa na usafiri wa kawaida unavyojaa uvumi: habari zilizokuwa zikiletwa na abiria zikakatika, na kila upande ukaanza kuamini mabaya kuhusu mwenzake.

Mengi yamerekebishwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walizindua kituo cha pamoja cha Busia, ambapo msafiri anakaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Umbali ule uliozaa bodaboda umefupishwa kwa karatasi, ingawa si kwa miguu. Kenya ilionyesha pia kwamba sheria inaweza kuibadilisha barabara: kanuni za mwaka 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 chini ya Waziri John Michuki, zililazimisha mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo katika magari ya abiria. Wenye magari walipiga kelele, kisha wakatii. Polisi walipolegeza mkono, kanuni zikalegea nazo.

Hapo ndipo historia hii inapomrudia askari. Kupanga njia na nauli si kazi yake. Hiyo ni kazi ya serikali na bodi za leseni, nazo zikikumbuka kwamba leseni ni mkataba zitaandika ndani yake njia nyembamba pamoja na njia nono, na zitaidai kampuni izihudumie zote mbili. Kazi ya askari ni ndogo kwa kuitaja, lakini ndiyo inayoonekana na raia kila siku. Akilikagua gari, tairi bovu liwe bovu hata kama mwenye gari ni mkubwa. Akiweka kizuizi, kiwe na sababu, kiwe na ofisa anayewajibika, na kiwe cha muda mfupi. Akisafiri kwa shughuli zake binafsi, alipe nauli. Askari mmoja asiyelipa ni kiti kimoja kilichopotea. Desturi ya kutolipa ni njia nzima iliyofungwa, na njia iliyofungwa ndiyo itakayomkosesha yeye mwenyewe basi la kumrudisha nyumbani kwa likizo.

Vijana wa Busia walifunga mto kwenye keria kwa sababu lango lilikuwa mbali na basi lilikoma. Waliyafanya hayo bila leseni, bila hisa, na bila mkurugenzi wa ng'ambo. Heshima yao ibaki. Lakini taifa halipaswi kuridhika kwamba raia wake wameweza kujivusha. Raia anayengoja kando ya barabara ya Tororo saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na nauli kamili mkononi, ametimiza sehemu yake ya mkataba.